Kifo cha Picha ya Daktari Ngwale

Katika Jamhuri ya Shwari hakuna mtu anayeugua bila idhini. Ugonjwa ukitaka kuingia nchini hupeleka maombi kwanza Wizara ya Afya na Utulivu, na Wizara ikiona jina lake linaleta taharuki, hulikataa, kisha huupa jina jingine lenye adabu. Ndiyo maana wageni wanaofika huko husifu sana afya ya wananchi. Homa ya ini huitwa Manjano ya Ukarimu. Utapiamlo huitwa Wembamba wa Hiari. Na ule ugonjwa wa kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, unaomkausha mtu asubuhi na kumzika jioni, ambao zamani uliitwa kipindupindu, siku hizi ni Mteremko wa Muda. Neno la zamani lilifutwa kwa waraka miaka thelathini na moja iliyopita, nami nimelitaja hapa ili tuelewane tu.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Tunu Machaku, ambaye wote walimwita Bi Tunu. Kazi yake ilikuwa kutunza picha za madaktari.

Chuo cha Tiba cha Shwarini kina ukumbi mrefu unaounganisha madarasa na wodi za hospitali, na ukutani mwa ukumbi huo zilitundikwa picha thelathini na nane za watu waliotibu na kufundisha kutibu tangu chuo kilipofunguliwa. Nyingine zilichorwa kwa rangi za mafuta, nyingine ni za kamera, zimegeuka rangi ya chai. Alikuwapo Profesa Bakilana wa mifupa, amekishika bega kiunzi cha mifupa kana kwamba ni shemeji yake. Alikuwapo mkunga mkuu Mama Salha, saa mkononi, uso wa mtu aliyezoea kuwahesabia wenzake dakika za uchungu. Alikuwapo Daktari Hokororo wa upasuaji, ambaye mikono yake yote miwili ilifichwa mifukoni, kwa sababu mchoraji aliyepewa zabuni na serikali hakuwa amejifunza kuchora vidole. Kila asubuhi Bi Tunu alipanda ngazi yake fupi, akawapangusa vumbi mmoja baada ya mwingine kwa kitambaa cha flana na kuwasalimia kwa majina. Wanafunzi wageni walidhani anaongea peke yake, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Picha ya kwanza, pale dari linapoinuka karibu na mlango wa wodi, haikuchorwa. Ilipigwa na mpiga picha wa gazeti ndani ya ghala la pamba, mwaka wa mafuriko makubwa. Ilimwonyesha Daktari Eudosia Ngwale, mwalimu wa kwanza wa chuo hicho, amepiga magoti kwenye sakafu ya matope, kikombe cha bati mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Wanafunzi wake sita wamemzunguka, viatu wamevishika mkononi. Mbele yake, juu ya kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati na kuwekewa ndoo chini, amelala msichana aliyekauka, macho yamezama ndani, mdomo wazi, anasubiri kijiko.

Msichana huyo ni Bi Tunu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Wiki ile alimpoteza mama yake na dada zake wawili. Yeye alinyweshwa kijiko kimoja kimoja mchana kutwa hadi siku ya pili yake, akabaki.

Chini ya picha kulikuwa na kibao cha shaba: *Daktari Eudosia Ngwale akiwafundisha wanafunzi wa darasa la kwanza kutibu kipindupindu, ghala la pamba, mwaka wa mafuriko.* Waraka wa kulifuta neno hilo ulipotoka, serikali ilikwangua vitabu, magazeti, mabango na mawe mawili ya makaburi. Vibao vya picha havikutajwa kwenye waraka, na katika Jamhuri ya Shwari kisichotajwa hakiguswi. Kwa hiyo kibao kile kilikuwa mahali pa mwisho nchini ambapo neno lile lilisomeka. Daktari Ngwale, aliyekuwa ameliandika katika ripoti yake na kukataa kulifuta, alihamishiwa Idara ya Nyuki, akakagua mizinga mpaka alipofariki.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa tatu waliletwa pale kimyakimya. Mwalimu wao alinyoosha kidole kwenye kibao, kisha kwenye kikombe, kisha kwenye ndoo, bila kufungua mdomo. Halafu Bi Tunu alishuka kwenye ngazi yake na kuwaambia kilichokuwa ndani ya kikombe na vipimo vyake. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote ya ugonjwa huo katika Jamhuri ya Shwari, na mhadhiri wake alikuwa mtunza picha.

*

Sasa ikawa kwamba Mtukufu Rais, ambaye tayari alikuwa Mhandisi wa Heshima, Jaji wa Heshima na Nahodha wa Heshima wa timu ya taifa ya wanawake ya kuogelea, alitunukiwa Udaktari wa Tiba wa Heshima kwa kuliponya taifa. Baraza la chuo lilikutana kwa dakika tisa kupitisha azimio hilo, na sita kati ya hizo zilikuwa za kusimama na kupiga makofi. Picha yake ikachorwa mara moja, amevaa koti jeupe lenye nishani, urefu wa mita nne. Mchoraji alikuwa yuleyule wa Daktari Hokororo. Safari hii alitumia akili zaidi: Mtukufu alivishwa glavu.

Picha ya mita nne haikuweza kukaa popote ila pale dari linapoinuka.

Jumatatu moja asubuhi, magari matatu yalisimama mbele ya chuo na kumshusha mtu mmoja, Bwana Hilali Mashombo, Katibu wa Kumbukumbu Njema. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na hakuwahi kusema jambo baya bila kutanguliza hongera.

"Hongera, mama," alimwambia Bi Tunu.

"Ya nini, baba?"

"Ukuta wako umechaguliwa." Akaeleza habari ya mita nne. Akaongeza kwamba historia ya tiba nchini imegunduliwa upya, na kwamba kwa kadiri utafiti ulivyofika, imeonekana ilianza mwaka jana, Mtukufu alipotunukiwa. "Kwa hiyo huyu wa kwanza hawezi kuwa wa kwanza. Tutamtafutia nafasi nzuri stoo." Akainama kukisoma kibao. Midomo yake ikamsaliti, maana alikuwa mtu wa kusoma kwa kutembeza midomo, ikafika katikati ya lile neno ikagoma. Akajinyoosha. "Hili neno linafanya nini hapa?"

"Linasema kilichokuwa kinaniua."

"Kinakuua wewe?"

"Huyo kitandani ni mimi."

Bwana Hilali aliitazama picha, akamtazama Bi Tunu, akairudia picha. "Haiwezekani, mama. Ugonjwa huo haujapata kuwapo nchini. Mtu hawezi kuugua kisichokuwapo."

"Basi mama yangu alikufa kwa nini?"

Katibu alifikiri kwa heshima zote. "Kwa sababu za kifamilia," alisema.

Bi Tunu alikunja kitambaa chake cha flana mara nne, akakiweka mfukoni, akaenda kukaa kwenye kiti chake kilichokuwa chini ya picha ya kwanza. Hakuwa mtu wa kukaa saa za kazi. Wauguzi waliopita waliona, na kabla ya saa sita hospitali nzima ilijua kuna jambo.

*

Mvua zilikuwa zimeanza wiki tatu nyuma, na mto ulikuwa umeingia vyooni katika mitaa ya chini. Wodi ya saba, ile iliyo nyuma ya mlango wa ukumbi, ilikuwa imejaa Mteremko wa Muda mpaka wagonjwa wakalazwa wawili wawili. Mwongozo wa Wizara ulisema mgonjwa wa Mteremko alazwe chali na atafakari mafanikio ya nchi. Mkuu wa wodi hiyo, Daktari Zakia Lupembe, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hasira ya kudumu. Aliubandika mwongozo ukutani kama alivyoagizwa, kisha akawatundikia wagonjwa dripu.

Jioni ile alikuja kwa Bi Tunu na aproni iliyolowa, akaketi sakafuni mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wangapi leo?"

"Kumi na mmoja wamekufa. Tisa kati yao walifika wamekwisha kukauka. Mama, wakifika kwangu mapema nawaweza. Wanaofia nyumbani ndio siwawezi. Siruhusiwi kwenda redioni kuwaambia wachemshe maji kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Nimewapeleka wauguzi mitaani, na wao wananong'ona milangoni kama wezi. Nusu ya watu wanawafukuza."

"Wanataka kuishusha," Bi Tunu alisema akionyesha juu kwa kichwa.

"Nimesikia. Utafanyaje?"

Bi Tunu alikuwa na nyumba ya chuo, vyumba viwili, na miaka mitano tu ya kufikia pensheni. Alikuwa pia na hofu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu nchini humo. "Sijui," alisema. "Ila kwa mkono wangu haishuki."

*

Kumbe kuishusha hakukuwa rahisi hata kwa mkono wa serikali. Sheria ya Sura na Sanamu, iliyotungwa na rais wa zamani aliyekuwa na wasiwasi juu ya picha zake mwenyewe, ilisema wazi kwamba picha ya mwalimu wa taifa haiondolewi ukutani ingali hai. Ikabidi iundwe Kamati ya Kupima Afya ya Picha, wajumbe saba, wakiongozwa na Bwana Hilali.

Kamati ilikaa ukumbini siku mbili. Ilipima joto la fremu. Iliiuliza picha maswali manne, ikaipa muda wa kutosha, na haikujibiwa hata moja. Siku ya pili ikamwita Bi Tunu, ikamketisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Mama," alisema Bwana Hilali, "kamati inakupongeza kwa utumishi wako. Tunachotaka ni kusawazisha kumbukumbu. Je, ungekubali kwamba siku ile ulikuwa umejilaza kwa uchovu wa kulijenga taifa?"

"Hapana."

"Uchovu wa kawaida, basi."

"Na ndoo iliyo chini yangu?"

Wajumbe walishauriana. "Ya zege," alisema mmoja wao.

Bi Tunu aliwatazama wote saba, akiwa amevaa kanga yake ya kazi na miwani iliyofungwa uzi. Kwa miaka thelathini na moja watu walikuwa wakipita mbele ya aibu yake iliyotundikwa ukutani, naye alikuwa ameipangusa kila asubuhi. Haikumtisha tena.

"Nilikuwa najinyea," alisema. "Nilijinyea siku mbili. Daktari Ngwale aliishika ndoo hiyo kwa mkono wake akaitazama, akawaambia wanafunzi wake waitazame, ili wajue. Andikeni hivyo."

Karani wa kamati, baada ya kukuna kichwa, aliandika: *Shahidi alikuwa na shughuli.*

Kamati ikatoa uamuzi kwamba picha imefariki. Kikabaki kitu kimoja: cheti cha kifo lazima kisainiwe na daktari aliyesajiliwa, naye awe amempima marehemu.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu hakukuwa na daktari nchini ambaye hakufundishwa na Daktari Ngwale, au na mwanafunzi wake, au na mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Daktari wa macho alisema hawezi kumpima mgonjwa kupitia kioo. Wa upasuaji alisema ni lazima amfungue kwanza, na kwa kumfungua alihitaji idhini ya ndugu. Wa watoto alisema marehemu amepita umri wake. Daktari Zakia aliitwa kutoka wodini, akaisogelea picha, akaitazama kwa dakika nzima, akasema, "Huyu mzima kuliko nyinyi," akarudi kwa wagonjwa wake.

Wakabaki na mkuu wa chuo, Profesa Anselmi Mbwilo. Huyu hawakumtilia shaka, maana katika utumishi wake wote hakuwahi kukataa kitu. Alikishika kile cheti, akachukua kalamu, akainua macho kwenye picha. Miongoni mwa wale wanafunzi sita wenye viatu mkononi, wa pili kutoka kushoto alikuwa yeye. Alisimama hivyo mpaka wino ukadondoka kwenye kiatu chake.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo, akaiweka kalamu mezani. "Najisikia vibaya." Siku hiyohiyo akajaza fomu ya likizo ya ugonjwa, na penye nafasi ya jina la ugonjwa akaandika: *Aibu.* Wizara ilimrudishia fomu kwa maelezo kwamba ugonjwa huo haumo kwenye orodha.

Bwana Hilali alipekua daftari la madaktari wote waliosajiliwa, ukurasa kwa ukurasa, na katika ukurasa wa mwisho, kwa wino wa dhahabu, akampata mmoja ambaye hakufundishwa na mtu yeyote.

*

Mtukufu alikuja siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, kuthibitisha kifo cha picha mbele ya taifa. Redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Ukumbi ulipambwa vitambaa, na madirisha ya wodi ya saba yalifungwa ili harufu isije ikachangia hafla. Ilichangia vilevile.

Ratiba ilikuwa fupi. Mtukufu angepima, angemuuliza mtunza picha swali moja, "Marehemu alikuwa akiumwa nini?", mtunza picha angejibu, "Uzee, Mtukufu," kisha saini, kisha ngoma. Bwana Hilali alikuwa amemfanyisha Bi Tunu mazoezi mara tatu, na mara zote tatu Bi Tunu hakusema kitu. Katibu alichukulia kuwa amekubali, kwa kuwa huko Shwari kimya ndiyo namna ya kawaida ya kukubali.

Mtukufu aliweka stetoskopu masikioni, akakibandika kidude chake kwenye kioo, juu ya kifua cha Daktari Ngwale. Akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Watu mia tatu walizuia pumzi.

"Kimya kabisa," alisema Mtukufu, na makofi yakapigwa kwa dakika nne. Kisha, bila kuvua stetoskopu, kwa kuwa ilimpendeza, akamgeukia Bi Tunu. "Marehemu alikuwa akiumwa nini?"

Kipaza sauti kiliwekwa mbele ya Bi Tunu. Alishika ukuta. Mlango wa wodi ulikuwa umefunguka kidogo, na katika ule upenyo alimwona Daktari Zakia amemshikilia mwanamke mmoja aliyekuwa akitapika ndani ya beseni. Wale watu wote walioalikwa walikuwa wameupa mlango kisogo.

"Yeye hakuumwa, Mtukufu," Bi Tunu alisema, na sauti yake ikatoka nzito kuliko alivyotegemea. "Niliyeumwa ni mimi. Niliumwa kipindupindu. Kilimuua mama yangu, kikawaua dada zangu Zena na Mwasiti, na sasa kimo nyuma ya mlango huu. Kipo mitaa yote ya chini. Wewe uliye nyumbani unanisikia, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko sita vya chai vya sukari, visijae kupita ukingo. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo. Akitapika, subiri kidogo, umnyweshe tena. Usimlaze ukamwacha. Mnyweshe ukimleta hospitali, njia nzima. Na maji ya kunywa chemsha, wote nyumbani, hata kama hakuna aliyeumwa."

Fundi mitambo wa redio ya taifa, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa na maagizo ya kukata matangazo mara tu neno lililofutwa likitajwa. Alikuwa pia na mke katika wodi ya saba. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe na hakikushuka mpaka vipimo vyote vilipokwisha kutajwa, mara ya kwanza na ya pili, maana Bi Tunu alirudia. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa anasubiri neno lisikike vizuri kabla ya kuchukua hatua.

Mtukufu, ambaye bado alikuwa na stetoskopu masikioni na hakusikia chochote ila damu yake mwenyewe, aligeuka kwa Katibu.

"Amesema nini?"

Hakuna aliyeweza kumwambia bila kuvunja sheria. Bwana Hilali alitoa kitambaa akajifuta shingo. "Amesema uzee, Mtukufu."

"Mbona uzee wenyewe umekuwa mrefu hivyo?" alisema Mtukufu, akasaini.

Kufikia saa sita picha ilikuwa imeshushwa, kibao kimeng'olewa kwa bisibisi, na Bi Tunu yumo ndani ya gari la polisi, katikati ya askari wawili. Mmoja wao alimuuliza kwa kunong'ona kama sukari ya guru inafaa.

*

Walimweka rumande wiki saba. Nyumba yake ya chuo akapewa mtu mwingine, vitu vyake vikatolewa nje, na Daktari Zakia akavihifadhi katika chumba cha dripu. Yeye ndiye aliyekuwa akileta habari kila Jumapili. Wiki ya pili alisema wanaofika wamekauka wamepungua nusu. Wiki ya nne alisema amepata vitanda vitatu vitupu. Wiki ya sita Wizara ilitangaza kwamba Mteremko wa Muda umeshindwa kutokana na uvumbuzi wa Kinywaji cha Mtukufu, mchanganyiko wa siri wa maji, sukari na chumvi, uliomjia Mtukufu akiwa anampima marehemu.

"Inakuuma, mama?" Daktari Zakia aliuliza.

"Wanakunywa?"

"Wanakunywa."

"Hapo sina neno. Lakini mvua zitarudi, Zakia, na wao watasema tena hakuna kitu. Utawaambia nini watu, wajihadhari na mteremko?"

Siku mbili kabla ya kesi alikuja Bwana Hilali, na begi la machungwa. Alikuwa amepungua. Alitanguliza hongera kama kawaida yake, kisha akaketi akazungumza kama binadamu.

"Mama, mimi sitaki ufungwe. Nimezungumza na wakubwa. Siku ile redio ilikuwa na mikwaruzo. Wewe ulisema kipepeo. Niliumwa kipepeo. Watu watacheka, hakimu atacheka, utarudishiwa nyumba yako na pensheni."

"Kipepeo."

"Yanakaribiana."

"Katibu, wewe ni wa wapi?"

Alisita. "Mitaa ya chini. Kwa asili."

"Mwaka wa mafuriko ulikuwa wapi?"

Bwana Hilali alianza kulimenya chungwa, akalimenya lote, akalipasua, akampa nusu. "Nilikuwa na miaka sita," alisema. Walikula chungwa lote, kisha akainuka akaenda zake.

*

Kesi ilisikilizwa mchana, chumba kimejaa hadi kwenye ngazi. Wauguzi walikuja na sare zao. Profesa Mbwilo, aliyekuwa bado kwenye likizo isiyo na jina, alikaa mstari wa mbele. Bwana Hilali alikaa karibu na mlango.

Mwendesha mashitaka alisimama akasoma: "Kwamba wewe, Tunu Machaku, siku ya Alhamisi, kwa makusudi na kwa sauti, ulitamka neno lililofutwa, yaani," akafika hapo akanyamaza, kwa sababu mbele ya neno *yaani* palikuwa na nafasi tupu.

"Yaani lipi?" aliuliza hakimu.

"Neno lenyewe, mheshimiwa."

"Lipi?"

"Sheria hainiruhusu kulitamka, mheshimiwa."

"Niandikie."

"Kuliandika nako ni kosa."

Hakimu, mama wa makamo aliyeonekana kuwa na kesi nyingi na mchana mfupi, aliivua miwani. "Siwezi kumhukumu mtu kwa nafasi tupu. Karani, kwenye jalada pana nini?"

"Pana nafasi tupu, mheshimiwa."

Ukumbi ulianza kuguna. Hakimu akagonga meza, akamgeukia mshitakiwa. "Mama, nimeletewa barua inayosema kwamba ulichosema ni kipepeo. Ukiniambia ni kipepeo, kesi nitaifuta sasa hivi uende nyumbani. Ukiniambia ni jingine, sheria inataka nikupe mwaka mmoja hadi mitatu. Mimi nitakupa mmoja, na sitaweza kupunguza hata siku moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Na kitakachosemwa hapa kitaingia kwenye jalada la mahakama, na jalada la mahakama halikwanguliwi. Hiyo nayo ni sheria. Fikiri."

Bi Tunu alifikiri. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtu wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu. Alimtazama Daktari Zakia, ambaye alikuwa ameuma mdomo na anatikisa kichwa kumkataza. Alimtazama Bwana Hilali kule mlangoni, na Bwana Hilali akatazama chini. Kisha akajiweka sawa kanga begani, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Kipindupindu," alisema.

Hakimu aliivaa tena miwani yake, akaandika kitu kifupi, akakigongea mhuri.

"Karani, umeliingiza?"

Karani alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Alizaliwa baada ya waraka na hakuwa amewahi kuliona neno hilo popote. Kalamu yake ilikuwa juu ya ile nafasi tupu.

"Bado, mheshimiwa. Sijui linavyoandikwa." Akamgeukia mshitakiwa. "Samahani, mama. Hiyo *pindu* ni moja au mbili?"

"Mbili," alisema Bi Tunu. "Andika zote mbili, mwanangu. Taratibu, lisomeke."